Kampuni hailipi sangara wangu: niende Mahakama Kuu ifilisiwe?

SWALI: Shikamoo Mama Wakili. Mimi ni wakala wa sangara hapa mwalo wa Igombe. Kwa miezi saba nimepeleka mzigo kwenye kiwanda kimoja cha hapa Mwanza kwa mali kauli, na sasa nawadai shilingi milioni 38. Kila nikienda ni danadana: mara mhasibu kasafiri, mara pesa ya wateja wa Ulaya haijaingia. Juzi usiku wameonekana wakitoa mashine mbili kwa lori. Wenye mitumbwi wananigongea alfajiri. Mwenzangu anasema niombe kampuni ifilisiwe, watatapika pesa yangu. Ni kweli?
Wakala, Igombe

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapo pa kugongewa alfajiri pamenigusa, maana nimekulia humo. Mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa letu, aliyekuwa akinunua kwa mama yangu alikwama kumlipa. Nawakumbuka hadi leo watu waliokuwa wakishinda barazani kwetu Kirumba wakisubiri chao.

Mwenzako amekwambia nusu. Ni kweli Mahakama Kuu inaweza kuamuru kampuni iliyoshindwa kulipa madeni yake ifilisiwe. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 inasema hivyo. Lakini siku amri ikitoka, huwi tena wewe na kiwanda. Ni wewe, benki, TRA wa kodi, wafanyakazi, muuza barafu na kila mwenye chake, na kesi yako binafsi haiendelei bila ruhusa ya mahakama. Mfilisi, yaani msimamizi wa kuifunga kampuni, anauza mali na kugawa kwa mpangilio. Benki inayoshikilia hati ya jengo inajilipa kutokana na dhamana yake. Kuna gharama za ufilisi, kodi, mishahara. Wewe uliyetoa samaki kwa kuaminiana uko nyuma ya hao, na mnaolingana mnagawana kilichobaki kulingana na ukubwa wa madeni yenu. Kwa milioni 38 unaweza kupata nne. Unaweza kukosa kabisa.

Kwa hiyo chunguza kwanza: hawana, au hawataki? Kama bado wanapokea samaki wa wengine na kuwalipa, fungua kesi ya madai ya kawaida. Ukishinda, omba kukazia hukumu kwenye akaunti yao, yaani mahakama iamuru ulipwe kutoka humo. Na kama wana hoja ya maana ya kulipinga deni, tuseme sehemu ya mzigo ilikutwa imeharibika, usithubutu maombi ya ufilisi. Mahakama haikubali kufanywa fimbo ya kukusanyia deni lenye ubishi, nawe utabebeshwa gharama.

Lile lori la usiku ndilo linalonitia hofu. Kampuni ikifilisiwa kwa amri ya mahakama, ufilisi unahesabiwa kuanzia siku maombi yalipowasilishwa, na mali iliyouzwa au kuhamishwa baada ya siku hiyo bila kibali cha mahakama haihesabiki kuwa imehama kihalali. Kama kweli wanakomba mali, hapo maombi yana faida, kwako na kwa wenzako wote.

Anza na notisi ya madai: kiasi, tarehe za mizigo, sahihi yako. Usimwachie mlinzi wa getini! Sheria inataka ifikishwe kwenye ofisi iliyosajiliwa ya kampuni, na kampuni inaweza kuwa inachakata samaki hapa huku ofisi hiyo iko Dar es Salaam. BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni, watakuonyesha anwani. Siku 21 zikipita bila kulipwa wala kuridhishwa kwa njia nyingine, sheria inaichukulia kampuni kuwa imeshindwa kulipa. Ndipo wakili wako apeleke maombi.

Kusanya karatasi zote za mizani, na meseji yoyote ya mhasibu inayokubali deni usiifute. Watafute na mawakala wengine wanaodai. Gharama za wakili mkichangia zinabebeka. Wenye mitumbwi nao waite wote siku moja, uwaonyeshe nakala ya notisi yenye tarehe ya kupokelewa. Mama yangu hakuwa na karatasi ya kuwaonyesha watu wa barazani.