Mtafute mlinzi aliyezidi: kwa mnaoanza kazi ya video kwenye timu za vyuo Marekani

Kila Agosti napata ujumbe wa namna moja kutoka kwa wadogo zangu waliofika Marekani kusoma: "Kaka, nimepata kazi chumba cha video cha timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo, ila mchezo wenyewe siujui hata kidogo." Chukua kazi. Viza ya mwanafunzi inakuruhusu saa 20 kwa wiki ndani ya chuo wakati wa muhula, na chumba cha video kina kiyoyozi, jambo ambalo mwenzako anayepangua sahani kwenye bwalo la chakula hana. Mimi niliifanya misimu mitatu, na kabla ya hapo sikuwa nimewahi kuushika mpira wenye ncha mbili. Nilikuwa mtu wa Simba na Yanga, basi.

Kazi yenyewe ni kukata na kujaza. Mchezo wa Jumamosi unakatwa plei moja moja. Plei ni mkupuo mmoja tu: mpira unatoka kwa senta, yule wa katikati ya mstari wa mbele, kwenda nyuma, watu wanagongana, filimbi inalia. Kwa kila plei unajaza visanduku kwenye kompyuta: ni jaribio la ngapi kati ya manne ambayo timu inapewa, zimebaki yadi ngapi kufikia zile 10 inazotakiwa kusonga, mpira umewekwa alama ya kushoto au ya kulia, washambuliaji wameingiza watu gani, walinzi wamesimamaje. Ukisikia wanasema "kumi na moja", si idadi ya wachezaji. Ni mkimbiaji 1 na taiti endi 1 (mtu anayezuia na pia kupokea mpira), kwa hiyo wapokeaji 3. "Kumi na mbili" ni mkimbiaji 1 na taiti endi 2. Hilo unalijua ndani ya siku mbili, usiliogope.

Kilichonichukua muda ni kingine. Wiki ya pili nilijaza plei kama 20 mfululizo nikaandika "mabeki wawili nyuma", kwa sababu ndivyo walivyosimama. Jumapili asubuhi kocha wa ulinzi, mzee mmoja mpole mwenye kikombe cha kahawa kisichoisha, akaisimamisha picha mbele ya wote. Hakufoka. Aliniomba nimtazame beki mmoja tu, nisiutazame mpira. Akaachia picha. Mpira ulipotoka kwa senta, yule beki akashuka mbio kuelekea kwenye rundo la watu wa mbele, na nyuma akabaki mwenzake peke yake. "Umeandika walivyosimama," akaniambia, "hukuandika walichofanya." Plei zote 20 nikazirudia, na humo ndimo nilipoanza kuelewa ushambuliaji na ulinzi wa vyuo vinagombania nini. Vinagombania mtu mmoja.

Hesabu nami. Kila upande una watu 11. Kwa mtindo wa zamani, kwotabeki, yule anayepokea mpira kwa senta na kuamua pa kuupeleka, akishampa mkimbiaji mpira, yeye mwenyewe anageuka mtazamaji. Mkimbiaji naye hamzuii mtu, kazi yake ni kukimbia. Wamebaki 9 wa kuwazuia walinzi. Upande wa pili, mtoe beki mmoja aliyekaa mbali nyuma kuhofia mpira mrefu: wamebaki 10. Kumi kwa tisa. Kuna mlinzi mmoja ambaye hana wa kumzuia, na huyo ndiye anayemwangusha mkimbiaji. Karibu kila ubunifu utakaousikia ukisifiwa kwenye chumba hicho ni njia ya kumfuta huyo mtu, au ya kumrudisha.

Wazo la kumfuta si la jana. Mwaka 1968 pale chuo cha Texas, chini ya kocha Darrell Royal, msaidizi wake Emory Bellard alipanga mashambulizi ambayo kwotabeki anaamua akiwa anakimbia: ampe huyu, abaki nao, au amtupie yule wa pembeni. Kisha miaka ya 1990, kwenye chuo kidogo cha Glenville State huko West Virginia, Rich Rodriguez akaleta yaleyale kwa sura nyingine: kwotabeki anasimama nyuma kidogo, na mlinzi wa pembeni anaachwa makusudi bila kuzuiwa. Mlinzi akimfuata mkimbiaji, kwotabeki anabaki na mpira na kupita alipotoka yule. Mlinzi akibaki, mkimbiaji anapewa mpira. Mtu mzima amezuiwa bila kuguswa! Wakati huohuo makocha Hal Mumme na Mike Leach, waliokutana chuo cha Iowa Wesleyan mwaka 1989, walikuwa wanatandaza wapokeaji uwanja mzima na kurusha mpira karibu kila plei. Leach aliupeleka mtindo huo Texas Tech mwaka 2000. Vyuo vikubwa vilicheka kwanza, vikaiga baadaye.

Hapa simama kidogo, kwa sababu wageni wengi wanadhani chuo ni ligi ya kulipwa yenye vijana. Sheria hazifanani, na tofauti zake zinambeba mshambuliaji. Uwanja una upana wa futi 160. Alama mbili za kuwekea mpira kwenye vyuo zimeachana futi 40, kwenye NFL, yaani hiyo ligi ya kulipwa, ni futi 18 na nusu. Kwa hiyo mpira ukiwa kwenye alama ya chuo, upande mmoja una futi 60 na mwingine una futi 100. Jaribu kuulinda huo wa futi 100 dhidi ya kijana anayekimbia kama swala. Ndiyo maana kisanduku cha "alama" kwenye kompyuta hakiruhusiwi kubaki tupu; mimi nilikiacha tupu mara moja, mara moja tu. Tofauti ya pili: kwenye plei ya kutupa, wazuiaji wa mbele wanaruhusiwa kusogea yadi 3 mbele ya mstari. NFL ni yadi 1. Kwa zile yadi 3, kwotabeki anaweza kuwaacha wenzake wazuie kana kwamba ni plei ya kukimbia, huku yeye anamtazama lainibeka mmoja, mlinzi wa safu ya kati: akisogea mbele, mpira unatupwa mgongoni kwake. Mlinzi aliyezidi amefutwa tena, safari hii kwa macho tu.

Sasa angalia kilichotokea kwa timu moja. Novemba 2011 LSU, chuo cha jimbo la Louisiana, ilikwenda Alabama ikashinda 9–6 kwa muda wa nyongeza, bila upande wowote kupata tachidauni, yaani kuufikisha mpira eneo la mwisho la mpinzani. Magoli ya mguu matupu. Zilirudiana Januari 2012 kugombea ubingwa, Alabama ikashinda 21–0. Watu wakasema ulinzi ndio mfalme. Msimu uliofuata kocha Nick Saban wa Alabama alilalamika hadharani kuhusu timu zinazocheza haraka haraka bila kuwapa walinzi nafasi ya kubadilishana, akauliza kama huu ndio mchezo tunaoutaka. Mwaka 2014 akamwajiri Lane Kiffin kuongoza ushambuliaji wake, na Alabama nayo ikaanza kutandaza na kukimbizana. Mzee alilalamika sokoni kisha akanunua bidhaa. Msimu wa 2020 timu yake iliruhusu pointi 48 kwa Ole Miss (chuo cha Mississippi), ikafunga 63, ikaendelea hadi kuwa bingwa. Na ile LSU ya 9–6? Msimu wa 2019 ilifunga pointi 726 katika michezo 15, kwotabeki wake Joe Burrow akitupa tachidauni 60.

Ukiwa mgeni utaambiwa mwisho wa ulinzi ulikuwa usiku wa Oktoba 22, 2016, Oklahoma iliposhinda 66–59 ugenini kwa Texas Tech. Patrick Mahomes wa Texas Tech, ndiyo, huyo huyo aliyekuja kuwa bingwa wa NFL, alitupa yadi 734 na akapoteza mchezo. Kila timu ilipata yadi 854. Itafute video yake uitazame jikoni ukipika, lakini usijifunzie hapo.

Jifunzie kwa Iowa State ya 2017. Hawakuwa na vijana wa kushindana na matajiri wa ukanda wao, kwa hiyo kocha wao wa ulinzi, Jon Heacock, akaweka watatu tu mbele na mabeki watatu nyuma. Ukiwatazama kabla mpira haujatoka, unaona rundo jepesi, unasema hapa tunakimbia. Mpira ukitoka, yule beki wa katikati anashuka na kuwa mtu wa ziada, anatokea mahali ambapo kwotabeki hakumhesabu. Ni ile plei ya kocha wangu na kahawa yake. Mwaka huo waliifunga Oklahoma nyumbani kwake 38–31. Wameruhusu 31, na bado ulikuwa ushindi wa ulinzi. Ukishaelewa kwa nini, umeiva.

Njia nyingine ya kumrudisha mtu ni ya pesa na kilo. Georgia ya 2021 ilikuwa na Jordan Davis katikati, mtu wa kilo zaidi ya 150. Mtu kama huyo anahitaji wazuiaji wawili. Wakimjia wawili, hesabu imekaa sawa bila beki kushuka. Timu hiyo iliruhusu wastani wa pointi 10.2 kwa mchezo, na walinzi wake watano wakachaguliwa raundi ya kwanza timu za NFL zilipogawana wachezaji wapya mwaka 2022. Usiitolee mfano kwenye chuo cha wastani. Utachekwa, na ni halali yao.

Kuhusu namba: mkuu wa ulinzi akikuomba takwimu, usimpelekee pointi kwa mchezo. Mpelekee yadi kwa plei na pointi kwa kila safari ya mpinzani na mpira. Mwaka 2018 Texas A&M iliifunga LSU 74–72, na anayesoma karatasi tu anadhani walinzi walilala. Muda wa kawaida uliisha 31–31. Zilizobaki zilipatikana katika nyongeza saba, ambako safari ilianzia yadi 25 tu kutoka langoni. Kinyume chake, mwaka 2022 Iowa iliifunga South Dakota State 7–3 bila tachidauni: goli la mguu moja, na mara mbili mpinzani kunaswa na mpira ndani ya eneo lake la mwisho, pointi mbili mbili. Walinzi walifunga zaidi ya washambuliaji wao. Tena, tangu 2023 saa haisimami kila timu inapopata yadi 10, isipokuwa dakika mbili za mwisho za kila nusu ya mchezo, kwa hiyo plei zimepungua. Pointi zikishuka msimu huo, usimpe ulinzi sifa ya saa.

Mengine ni mafupi. Anza na kamera ya nyuma ya goli, ndipo ya pembeni; ya pembeni inaficha nani anazuiwa na nani. Andika walivyosimama kwenye kisanduku kimoja na walichofanya kwenye kingine. Tangu 2024, kwenye vyuo vya daraja la juu, mlinzi mmoja uwanjani anasikia sauti ya kocha kwenye kofia mpaka zibaki sekunde 15 kwenye saa ya kuanzisha plei, kwa hiyo mabadiliko ya dakika ya mwisho wanaitana wenyewe kwa mikono: kuza picha uione mikono. Wachezaji wanahama vyuo kila mwaka, usiamini orodha ya majina ya mwaka jana. Na chumbani, kaa nyuma, nyamaza.

Msimu wangu wa mwisho alikuja dogo mmoja kutoka Mombasa, siku ya tatu tu kazini. Kocha akiwa anaendesha video, dogo akanyoosha mkono kama yuko darasani: "Samahani kocha, yule wa katikati anakwenda wapi?" Mzee akaweka kikombe chini. Akarudisha plei mwanzo.