Vifaa vitano vya vumbi, tuvifunge wapi?

SWALI: Salaam aleikum Bwana Mhariri. Sisi ni kikundi cha vijana hapa Mikindani, Mombasa, tumepata vifaa vitano vya bei nafuu vya kupima vumbi la hewani. Mwenyekiti anataka vyote vifungwe kando ya barabara ya Nairobi kwenye foleni ya malori manake ndiko kubaya, sisi wengine twataka kila mtaa upate kimoja. Nani yuko sawa?

JIBU: Waleikum salaam. Bado hakuna, manake hamjasema mwataka kujua nini. Kama ni hewa wanayovuta wenye vibanda vya barabarani, mwenyekiti ana hoja, lakini vitano kwenye laini moja lori likipita namba za vyote zinaruka pamoja, hapo huna data tano bwana, una moja imerudiwa. Kwenye takwimu ukitaka kupunguza kwa nusu kosa lililo kwenye wastani wa vipimo vyako wahitaji vipimo mara nne, na hiyo ni kama kila kipimo kinajitegemea, vikibanana hata huko hufiki.

Kama ni vumbi la malori linaloingia majumbani, mimi ningeweka kimoja barabarani, viwili ndani mtaani, tuseme mita 50 na mita 300, kimoja ng'ambo ya barabara, na cha tano mbali kabisa na malori. Hicho cha tano wengi watasema kinapotea bure, mimi ndicho ningekililia, bila hicho mtajuaje vumbi gani ni la malori na gani lingekuwepo tu? Ila msikipeleke ufukweni, chumvi ya bahari nayo inahesabiwa vumbi.

Na upepo jamani. Kusi inasukuma vumbi upande wa kaskazini wa barabara, kaskazi ikiingia linageuka, sasa mkipima Juni na Julai tu, wakati wa kusi, alafu mkaandika ripoti ya mwaka mzima nani atawaamini?

Lakini kabla ya yote fungeni vyote vitano dirisha moja wiki mbili. Vinahesabu chembe kwa mwanga, na unyevu wetu huu wa alfajiri unazivimbisha vikasoma juu, tena kila kimoja na tabia yake. Tuseme kimoja kinasoma maikrogramu 40 na mwenzake hapohapo 28, hiyo 12 ni ya kifaa, si ya mtaa, na Shirika la Afya Duniani, WHO, mwaka 2021 waliweka kikomo cha vumbi laini kwa siku kuwa maikrogramu 15 kwa mita ya ujazo, kwa hivyo 12 si mchezo. Data za dirishani msizifute, ndizo za kusawazishia zile zitakazokuja.