Alfa ni ndogo: nifute maswali?

SWALI: Shikamoo Daktari. Tasnifu yangu inahusu misukosuko ya maisha na afya ya akili. Hojaji ina vipengele 8 vya ndiyo au hapana: kufiwa, kuachishwa kazi, ndoa kuvunjika, kuugua na kadhalika. Alfa ya Cronbach (kipimo cha jinsi majibu ya vipengele yanavyokwenda pamoja) imetoka 0.38. Msimamizi anataka nifute vinavyoishusha hadi ifike 0.70. Nifanye hivyo?

JIBU: Marahaba. Usifute kitu bado. Jiulize kwanza mshale unaelekea wapi: dhana ndiyo inayozaa majibu, au vipengele ndivyo vinavyoiunda dhana?

Chukua wasiwasi. Mwenye wasiwasi hukosa usingizi, moyo humwenda mbio, hushtushwa na mlio wa simu. Hizo ni dalili za kitu kimoja kilicho ndani yake, kwa hiyo hupanda na kushuka pamoja. Hiyo ni modeli akisi, na hapo alfa ina kazi.

Misukosuko haiko hivyo. Kufiwa na mzazi hakumfanyi mtu aachishwe kazi, wala hakuna “msukosuko” uliojificha ndani yake unaosababisha yote mawili. Matukio yenyewe yakijumlishwa ndiyo msukosuko. Hiyo ni modeli undaji. Ukifuta kufiwa kwa kuwa hakuwiani na vingine, aliyemzika mwenzi wake mwezi uliopita atahesabiwa kama ambaye hayajamkuta. Mimi niliwahi kufuta maswali matatu kwa mtindo huo, nikabaki na kipimo kizuri cha kitu nisichokikusudia.

Hata kwenye modeli akisi, alfa isikuleweshe. Maswali 5 yenye wastani wa uwiano kati yao wa 0.2 hutoa alfa ya 0.56, yafanye 20 kwa uwiano uleule, inaruka hadi 0.83. Kilichobadilika ni urefu wa hojaji tu.

Kwa kipimo chako, wape wajuzi wa fani orodha waseme ni tukio gani zito limesahaulika. Angalia pia vipengele vinavyorudiana, mfano kuachishwa kazi na kupoteza kipato, maana vitayumbisha uzito wa kila kimoja. Kisha tazama kama jumla inatabiri dalili za sonona zilizopimwa kwa hojaji nyingine. Ukitaka modeli ya milinganyo (mbinu ya takwimu inayokadiria uhusiano wa dhana na vipimo vyake) ikukadirie uzito huo, dhana iwe na angalau viashiria akisi viwili vya matokeo, yaani vipimo viwili vinavyotokana nayo, la sivyo haitakadirika.

Msimamizi hakukosea kuijali alfa. Ameipeleka isikohusika tu. Mwoneshe sentensi hii ya sura ya mbinu: “Vipengele hivi vinaiunda dhana, havitokani nayo, hivyo alfa haikutumika.”