Zebaki Imefikaje Aktiki?

SWALI: Nimesoma kwamba udongo na mimea ya Aktiki, eneo la kaskazini kabisa mwa dunia, ina zebaki, ingawa viwanda viko mbali mno. Imefikaje huko? Na je, metali zote zinazopatikana kwa kiasi kidogo sana katika maji na udongo ni sumu?

JIBU: Zebaki hutofautiana na metali nyingine kwa kuwa husafiri ikiwa mvuke, na huweza kukaa hewani kwa miezi mingi, hivyo ile inayotoka katika moshi wa makaa ya mawe wa bara moja huweza kutua katika bara jingine. Mwaka 1995, katika kituo cha Alert kaskazini kabisa mwa Kanada, watafiti waligundua kwamba jua linaporejea baada ya usiku mrefu wa majira ya baridi, mvuke huo hupungua ghafla hewani, kwa sababu bromini, elementi inayotokana na chumvi ya barafu ya bahari, huibadilisha zebaki, nayo ikaangukia theluji. Hata hivyo, sehemu kubwa ya zebaki iliyomo katika udongo huletwa na mimea yenyewe: majani huuvuta mvuke wakati wa kiangazi, kisha hufa na kuoza polepole kwa ajili ya baridi, na zebaki yake hufukiwa katika ardhi iliyoganda.

Nikeli na shaba hazisafiri hivyo. Kuzunguka viwanda vya kuyeyushia madini vya Monchegorsk, katika rasi ya Kola nchini Urusi, chembe zake nyingi huanguka karibu, na kiasi chake hupungua kadiri mtu anavyokwenda mbali. Kuvumwani, yaani kuvu na mwani vinavyoishi pamoja kama mmea mmoja, ambayo haina mizizi na hujipatia chakula kutokana na mvua na vumbi, huhifadhi ushahidi huo vizuri kuliko chombo chochote ninachokifahamu.

Si metali zote zilizo sumu. Shaba na zinki zinahitajika mwilini kwa kiasi kidogo, kama ilivyo seleni, ambayo si metali hasa, na ambayo Finland imekuwa ikiiongeza katika mbolea tangu miaka ya 1980 kwa kuwa mazao yake yaliipata kwa uchache mno. Zebaki haina kazi yoyote mwilini.

Linalonitia hofu ni kuyeyuka kwa ardhi iliyoganda. Katika milima ya Brooks huko Alaska, vijito vilivyokuwa safi vimegeuka rangi ya chungwa kwa chuma kilichoachiliwa. Zebaki nayo ikifika kwenye ardhioevu, bakteria huigeuza kuwa methili-zebaki, aina ya zebaki yenye sumu kali, ambayo hujilimbikiza katika samaki, kisha sili, na hatimaye katika miili ya Wainuiti wanaowawinda, wenyeji wa Aktiki ambao mchango wao katika moshi huo ni mdogo kabisa.