Sunbird-1 ilikuta mafuta: kwa nini hayachimbwi?

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa jiolojia, Mombasa. Mwaka 2014 kisima cha Sunbird-1 kilikuta mafuta katika bahari ya Kenya, lakini hayachimbwi. Kikwazo ni nini?

Jibu: Kikwazo ni ujazo. Kisima hicho, katika kitalu (eneo la utafutaji) L10A, kilitoboa tumbawe la kale la enzi ya Maiosini, mamilioni ya miaka iliyopita, lililofukiwa chini ya sakafu ya bahari. Kilipata gesi yenye unene wa mita 29.6, na chini yake mafuta mita 14.

Piga hesabu kwa takwimu za mfano: eneo la kilomita za mraba 2, mita 14, uwazi wa mwamba (nafasi ndogondogo ndani yake) asilimia 20, na asilimia 70 ya uwazi huo ikiwa mafuta. Unapata mita za ujazo milioni 3.9, yaani mapipa kama milioni 25. Yakifika juu, gesi iliyoyeyuka ndani yake hutoka na mafuta hupungua. Gawanya kwa 1.2. Ukiweza kuvuna asilimia 30, unabaki na mapipa yapata milioni 6. Kwa mradi wa bahari ya kina, hayo hayatoshi.

Unene nao una adha yake. Mita 14 zimebanwa kati ya gesi juu na maji chini. Ukivuta kwa nguvu, gesi inashuka na maji yanapanda hadi kisimani, na mafuta yanabaki nyuma. Kisima cha mlalo husaidia, ila kinaongeza gharama.

Hata hivyo, usiidharau Sunbird. Imethibitisha kwamba mwamba mama, yaani mwamba unaozalisha mafuta, upo, umepikika vya kutosha kwa joto la chini ya ardhi, na mafuta yamesafiri hadi mtegoni, mahali yanapozuiwa na kukusanyika. Kisima cha Mbawa-1 cha mwaka 2012, katika kitalu L8, nacho kilikuta gesi isiyotosha biashara. Kwa maoni yangu swali kubwa la bonde la Lamu, eneo la miamba lenye visima hivi, sasa ni mchanga unaoweza kuhifadhi mafuta na gesi: uko wapi ulio mnene na uliofunikwa vizuri? Kusini, mito Rufiji na Ruvuma ilimwaga mchanga mwingi kwenye kina kirefu cha bahari, na Tanzania imegundua zaidi ya futi za ujazo trilioni 57 za gesi, nyingi zikiwa baharini.

Ukisoma picha za mitetemo (za miamba, zinazopatikana kwa mwangwi wa sauti), jihadhari na sehemu zinazong'aa, ambazo huweza kuashiria gesi. Gesi kidogo tu ndani ya maji hupunguza kasi ya sauti karibu sawa na hifadhi iliyojaa gesi. Kabla ya kuusifia mng'ao, angalia kama unakatika bapa, ukifuata kina kilekile pande zote za mtego.