Ruzuku ya maktaba inaanzia kwenye daftari la kaunta

Wakutubi wenzangu, kila tangazo la ruzuku likitoka naletewa maswali yale yale, fomu inajazwaje, bajeti inakaaje, barua ya utambulisho asaini nani, na ukiuliza dirisha la maombi linafungwa lini unaambiwa Ijumaa hii. Nasaidia ninavyoweza. Ila baada ya miaka ya kuandika maombi haya, na baadaye kuitwa kukaa kwenye kamati zinazoyasoma, nimeamini kitu kimoja: ombi linalopata hela linakuwa limeshaandikwa muda mrefu kabla tangazo halijatoka, na limeandikwa pale kaunta, kwenye daftari la wageni.

Nieleze. Daftari la maktaba nyingi lina jina, tarehe, saa ya kuingia na sahihi, basi. Mwisho wa mwezi mtu anajumlisha anasema tumepata wasomaji kadhaa. Hiyo namba ukimpelekea mfadhili haimwambii walikuja kufanya nini wala waliondoka na nini. Sisi tuliongeza safu mbili tu, moja "umekuja kutafuta nini", nyingine "umepata?", na kwenye hiyo ya pili anayekaa kaunta anaandika ndiyo au hapana, na kama ni hapana anaandika kwa nini, kwa maneno machache. Zile hapana ndo utajiri wenyewe. Mama katafuta kitabu cha kumsomea mtoto wa miaka minne, hakipo. Kijana kaja kutuma maombi ya kazi onlaini, kompyuta zote zina watu, kasubiri wee mpaka akaondoka. Mwanafunzi asiyeona kauliza kama kuna vitabu vya kusikiliza, hakuna. Yule yule karudi tena wiki iliyofuata kuuliza. Ukiyakusanya haya unaona wazi ni watu gani wanaondoka mikono mitupu na kwa sababu gani, kwa hiyo tangazo likija hukai chini kutunga tatizo, unafungua daftari unanakili (majina ya watu unayaacha hapo hapo, hayaendi popote).

Maana nikwambie kinachoonekana ukiwa upande wa wanaosoma. Maombi mengi yanaanza na sentensi moja, maktaba yetu inakabiliwa na uhaba wa vitabu, viti na kompyuta. Ni kweli kabisa, na ni kweli kwa maktaba zote zilizoomba, sasa msomaji wa kamati atakuchagua wewe kwa lipi? Lakini ile sentensi inayosema vijana wanaotafuta kazi wanafika kwetu na sehemu kubwa wanaondoka bila kutuma maombi kwa sababu kompyuta ni chache, hii hapa idadi yao kwa mwezi, hivi ndivyo tutakavyopanga zamu na kuwafundisha, hiyo inasomwa mpaka mwisho.

Hapo ndo linakuja jambo la kutafuta. Watu wanaandika "ruzuku za maktaba" kwenye intaneti, wanapata vitu vichache, wanakata tamaa. Wafadhili wengi hawana mfuko wenye jina maktaba kabisa! Wana mfuko wa elimu ya watoto wadogo, wa ajira kwa vijana, wa wenye ulemavu, wa afya, wa urithi wa utamaduni. Tafuta kwa jina la mtu unayemhudumia. Rotary kwa mfano, ule mtandao wa klabu za kujitolea ulioenea duniani, moja ya maeneo yao ni elimu ya msingi na kusoma na kuandika, na maktaba inaingia hapo vizuri tu, ila jua kwamba ruzuku zao za kimataifa bajeti inaanzia dola 30,000 na lazima klabu mbili zishirikiane, moja ya pale mradi ulipo na nyingine ya nchi nyingine, kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kujuana na wanachama wa klabu iliyo karibu nawe, fomu baadaye. Serikali ya Japani nayo kupitia balozi zake ina ruzuku za miradi ya ngazi ya jamii, inajenga na inanunua vifaa, lakini hailipi mishahara wala gharama za uendeshaji, ukiweka mshahara wa mkutubi humo umejiharibia. Balozi za Canada na Australia pia zina mifuko midogo midogo ya miradi ya jamii, na ni mahali pazuri pa kuanzia kwa maktaba ambayo haijawahi kushika hela ya mtu wa nje. Kuna na Candid ya Marekani, iliyotokana na kuungana kwa GuideStar na Foundation Center iliyoanzishwa 1956, wana kanzidata kubwa ya mifuko ya ufadhili, na maktaba nyingi zilizo kwenye mtandao wao zinakuruhusu kuitumia bure ukifika pale.

Kabla hujaomba hela angalia pia kama unachotaka kununua kinapatikana bila hela. Book Aid International, shirika la Uingereza, wako tangu 1954, wanatoa vitabu vipya wanavyopewa na wachapishaji. Mpango wa Research4Life unafungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya kitaaluma, kwa nchi nyingine bure na kwa nyingine kwa ada ndogo. EIFL, shirika lililoanza 1999, linajadiliana na wachapishaji bei za majarida na vitabu vya kidijitali kwa niaba ya maktaba za nchi zinazoendelea. Programu ya kuendesha maktaba unaweza kutumia Koha, iliyozaliwa New Zealand kwenye maktaba ya umma na ikaanza kazi Januari 2000, haina leseni ya kulipia. Mfadhili akiona umeomba hela nyingi ya programu wakati kuna ya bure anajua hujafanya utafiti. Badala yake omba hela ya kumfundisha mtu kuiendesha, hiyo inaeleweka.

Sasa tuje kwa watumishi, na hapa nitakaa kidogo maana ndo panaposahaulika. Tunaomba majengo, tunaomba rafu, anayekaa humo ndani tunamwacha na ujuzi ule ule alioajiriwa nao. Kwa maktaba ndogo mimi nashauri uanze na ruzuku ya mtu, halafu ndo uende ya jengo. Hela yake ni ndogo, masharti ni mepesi, na huyo mtu akirudi anarudi na watu anaowajua, wale wa maktaba nyingine waliopata ufadhili tayari, na hao ndo watakaokupigia simu kukwambia kuna tangazo, na siku ukihitaji mshirika wa mradi una wa kumuuliza.

IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba lililoanzishwa 1927, hufanya kongamano kubwa na mara nyingi kunakuwa na ufadhili wa kuhudhuria, unatoka kwao au kwa vyama vya nchi mbalimbali. Chuo kikuu cha Illinois kule Marekani kina kituo cha Mortenson tangu 1991, kazi yake ni kufundisha wakutubi kutoka dunia nzima. Na shahada ya uzamili ya ukutubi usiitafute kwenye mifuko ya ukutubi peke yake, tazama skolashipu za kawaida, Chevening ya Uingereza, Fulbright ya Marekani, za Jumuiya ya Madola, Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya. Wakutubi hawajitokezi huko wakidhani ni za wanasheria na wachumi, inaniuma sana kila nikikutana na kijana mwenye sifa zote ambaye hajawahi hata kufungua ukurasa wao.

Kwenye barua ya maombi ya mtumishi epuka "nataka kuongeza ujuzi wangu". Kila mtu anataka. Andika kuna nini mezani kwako kinachosubiri huo ujuzi. Nilimsaidia dada mmoja aliyekuwa anataka mafunzo ya kuhifadhi nyaraka, barua yake ya kwanza ilikuwa ndefu, imejaa mapenzi kwa taaluma, na ungeweza kubadilisha jina ukaipeleka popote. Nikamwomba aniambie tu yako wapi hayo makaratasi. Akaanza kunieleza, maboksi yako chumba cha nyuma, ya chini yameshika unyevu, kuna daftari za vikao zilizoandikwa kwa mkono ambazo wino umeanza kufifia, kuna picha zimegandana na ukizitenganisha zinachunika, na yeye anaogopa kuzigusa. Nikamwambia andika hivyo hivyo. Aliandika, akaongeza akirudi ataanza na boksi gani na nani atamsaidia, akapata. Na kwa walio na nyaraka za namna hiyo, British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, ina mradi wa nyaraka zilizo hatarini tangu 2004, unagharamia kuzipiga picha za kidijitali, nyaraka zenyewe hazitoki nchini, na kufundisha watu wa pale pale ni sehemu ya mradi. UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles kule Marekani, nao wana wa kwao wa nyaraka za karne ya 20 na kuendelea, ulianza 2018.

Wakuu wa maktaba mnaosoma hapa, tafadhali, mtumishi akikuletea fomu ya skolashipu isaini. Najua hofu ni kwamba akisoma ataondoka. Wapo wanaoondoka. Lakini yule uliyemzuia naye moyo wake umeshaondoka, na maktaba haijapata kitu.

Bajeti. Andika gharama zinazosahaulika, maana ndo zinazoua mradi katikati: ushuru wa kutoa mzigo bandarini (vitabu vya msaada vimelala bandarini mara nyingi tu kwa sababu hakuna aliyepanga nani alipe), usafiri wa kufika maktaba, matengenezo ya kompyuta, bando la intaneti baada ya mwaka wa kwanza, ukaguzi wa hesabu, na muda wa mtumishi atakayesimamia. Kila bei iwe na profoma ya muuzaji, mbili au tatu, usikadirie kwa kichwa. Muda wa watumishi wako, chumba, umeme mnaolipa wenyewe, vyote vipige hesabu uviweke upande wa mchango wa maktaba, wengi wanaacha safu hiyo tupu na wakati wanachangia kweli.

Kuhusu mchango, hili la Andrew Carnegie, yule tajiri wa chuma wa Marekani, kila mkutubi anafaa kulijua. Kati ya 1883 na 1929 hela zake zilijenga maktaba zaidi ya 2,500 duniani, nyingi zikiwa Marekani, na sharti lake la kawaida lilikuwa mji utoe kiwanja, na halmashauri iahidi kutenga kila mwaka asilimia 10 ya gharama ya jengo kwa ajili ya kuiendesha. Katibu wake James Bertram alikuwa anawatumia waombaji karatasi ya maswali, mji una watu wangapi, kiwanja kipo, mtatenga kiasi gani. Mji usioahidi haukupata. Zaidi ya miaka mia imepita na swali la mfadhili ni lile lile, sisi tukiondoka nani analipa? Kwa hiyo kabla ya kuandika nenda kwa anayekusimamia, iwe halmashauri, chuo au shule, upate barua yenye kiasi na kifungu cha bajeti. Barua ya "tunaunga mkono mradi huu kwa dhati" bila kiasi haisaidii sana, nimeona kamati zinaipita tu.

Na usitegemee mlango mmoja. Programu ya maktaba ya Gates Foundation ilifanya kazi kubwa kwenye nchi nyingi kwa takriban miaka 20, ikafungwa mwisho wa 2018, kama ilivyopangwa na kutangazwa mapema. Marekani kwenyewe, taasisi ya serikali inayotoa ruzuku kwa maktaba na makumbusho, IMLS, Machi 2025 rais alitoa amri ya kuipunguza mpaka kiwango cha chini kabisa sheria inachoruhusu, maktaba zilizokuwa na miradi katikati zikabaki hazijui kesho yake. Gharama ya kila siku, mshahara na umeme, isikae kwenye ruzuku hata siku moja kama unaweza kuzuia.

Halafu matapeli wapo na wanajua tuna shida. Mfadhili anayekutaka utume ada ya kufungua faili, au anayekwambia umeshinda ruzuku ambayo hukuomba, huyo si mfadhili, achana naye hata kama barua ina muhuri mzuri namna gani.

Ukikataliwa andika barua fupi ya kushukuru na uulize walipungukiwa na nini kwenye ombi lako. Si wote wanajibu, lakini wanaojibu wanakupa maelezo ya bure yanayolingana na mafunzo ya wiki nzima, na raundi inayofuata jina lako wanalikumbuka. Ukipata, siku hela inaingia fungua faili moja la risiti na mpe mtu mmoja alishike, na ile safu ya "umepata?" endelea kuijaza vile vile, kwa sababu ripoti ya miezi sita itakayodaiwa inataka kujua hapana zimepungua kiasi gani, na kama hukuendelea kuandika hutakuwa na cha kulinganisha.