Kifaa cha meno kwa anayekoroma
Dada, umeuliza kama mumeo anaweza kutengenezewa kifaa cha meno hapa Moshi aache kukoroma. Umesema pia pumzi yake hukatika usingizini halafu anashtuka kama aliyekabwa; hiyo ndiyo ya kufuatilia kwanza. Mpeleke hospitali ya KCMC, kwa madaktari wa masikio, pua na koo. Tatizo hilo la pumzi kukatika likiwa kali, mashine ya kusukuma hewa kwa barakoa hufanya kazi vizuri zaidi.

Likiwa dogo au la wastani, hapo kifaa kinafaa. Daktari wa meno huchukua umbo la meno ya juu na ya chini, akamng'atisha taya la chini likiwa limesogezwa mbele, fundi akatengeneza. Taya likikaa mbele, ulimi hauangukii kooni. Linasogezwa milimita chache tu, polepole, kwa wiki kadhaa. Ukiharakisha ataamka taya linauma (mwanzoni litauma kidogo hata hivyo). Meno yanayolegea yatibiwe kwanza.

Vifaa vile vya kulainisha kwa maji ya moto na kung'ata mwenyewe vipate umbo la meno, vinavyouzwa mtandaoni, mimi nisingenunua. Na akishakizoea, apimwe tena usingizini akiwa amekivaa, maana kukoroma kunaweza kuisha na pumzi bado inakatika.